Nyumba ya ndani ya klipu

Zamani za redio, mwimbaji alikuwa koo tu. Mama anamsikia mchana, mikono imo ndani ya unga wa muhogo, anamjengea uso mwenyewe na kumvika nguo anazozitaka, na mwimbaji hana pa kumbishia. Éliakim wa Bulengera, mtaa wetu wa hapa Butembo, aliishi hivyo miaka mizuri. Alikuwa mwembamba kama mti wa kupandishia maharagi, meno ya mbele yamepishana, lakini kuna mama wa Kirumba aliyeapa mbele ya wenzake sokoni kwamba sauti ile ni ya mtu mzito mwenye kitambi. Mwingine alisema hapana, ni padri. Ninawaeleza niliyoyasikia kwa masikio haya mawili, na moja kati yake ni zima kabisa: siku wimbo wake ulipopigwa mara ya kwanza kwenye redio ya hapa Butembo, kuku wa jirani yetu Maliro walitaga mayai ya viini viwili. Msiniombe ushahidi. Kuku wale walikwisha kuliwa.

Éliakim hakuwa na tajiri wa kumlipia studio, wala mkubwa wa Kinshasa wa kumshika mkono. Alikuwa na gitaa, na kibanda cha mbao kando ya njia, ambako alitia nyimbo ndani ya simu za watu. Ulimpa carte mémoire, ile kadi ndogo ya simu yako, akaichomeka kwenye mashine, ukaondoka na nyimbo za dunia nzima, na katikati yake yeye alipenyeza mbili zake bila kukuuliza, kama mama anavyoficha dawa ya minyoo ndani ya uji. Ndivyo wimbo wake ulivyofika Beni na Oicha bila yeye mwenyewe kupanda gari.

Wimbo uliopendwa kuliko yote ulikuwa wa watu wanaokimbia. Aliuimba hivi, na kuya kwetu ni njoo:

*Mwenye kukimbia, kuya kwangu,*
*kwangu kuna nafasi,*
*moto wa kwangu hauzimiki,*
*sufuria ya kwangu haina kifuniko.*

Watu walilia. Kule juu, upande wa Oicha, vita ilikuwa imekaa sana hata watu walichoka kuiita vita. Walisema "situation" tu, kama mtu anayetaja ugonjwa wa ukoo. Walilia kidogo juu ya wimbo, wakafuta macho, wakarudi kazini. Hakuna hata mmoja aliyeuliza huko "kwangu" ni mtaa gani. Sauti haina geti.

Kisha zikaingia simu za kugusa, na watu wakaacha kuomba nyimbo. Msichana mmoja anayeitwa Gracieuse, mteja wake wa siku zote, alisimama mbele ya kibanda akakataa hata kutoa simu mfukoni.

"Papa Éliakim, za kusikia niko nazo mingi. Ninatafuta ya kuangalia."

"Wimbo unaangaliwa namna gani, mwanangu?"

"Na macho, papa."

Alimwonyesha. Kule YouTube, mtu asiyejulikana alikuwa ameweka wimbo wa Éliakim pamoja na picha ya maua ya plastiki, na karibu hakuna aliyeufungua. Chini yake tu kulikuwa na mbuzi aliyekalishwa juu ya pikipiki, na watu wa mabara yote walikuwa wamemtazama. Éliakim alimtazama mbuzi yule hadi mwisho. Halafu akamtazama tena.

Akaenda kwa Jéthro, kijana anayepiga klipu za arusi na za kwaya. Jéthro hakuwa na kile kidege cha kurusha kamera, maana askari waliogopa kila kitu kinachoruka na wangekipiga risasi; yeye alifunga kamera kwenye ncha ya mwanzi mrefu, akaipandisha juu kwa mikono miwili kama mtu anayechuma parachichi. Alipita mbele ya kibanda cha Éliakim, akazunguka nyuma, akarudi.

"Muzee, hapa hapana kupiga kitu. Unaimba kwako kuna nafasi. Nafasi yenyewe iko wapi?"

"Ni maneno ya kufariji batu, Jéthro."

"Batu hapana kuona maneno."

Hapa kwetu jambo hilo lina njia yake. Mwimbaji anaazima nyumba kama bibi arusi anavyoazima cheni ya dhahabu, na kesho yake kila mtu anajua cheni imerudi kwa nani. Juu ya kilima kulikuwa na nyumba ya étage, ya ghorofa, ya mama Emérence, mfanyabiashara anayenunua vitambaa Dubai na Guangzhou. Nyumba ilikuwa na bati la buluu na geti lenye simba wawili wa rangi ya dhahabu. Jua likipiga, simba wale walionekana hadi Lubero, na ng'ombe wa huko waliacha kula. Mwenye nyumba alikuwa safarini. Sentinelle wake, yaani mlinzi, Zorobabel, aliimba besi katika kwaya moja na Éliakim.

"Mpaka saa kumi tu," alisema Zorobabel. "Na hapana mutu kugusa ukuta. Mama anajua ukuta wake kuliko batoto bake."

Walipiga klipu. Éliakim, ndani ya koti kubwa la kuazima, limekunjwa mikono na kumfutukia tumboni, alisukuma geti kwa mikono yote miwili akiimba *kuya kwangu*. Zorobabel aliinama pembeni kama mtumishi, ndivyo Jéthro alivyotaka. Kamera ilipanda juu ya mwanzi, ikaonyesha bati la buluu, bustani na vyumba vya juu vyenye mapazia, na mwisho Éliakim akakaa kwenye baraza la juu na bilauri ya jus, akitabasamu kwa mdomo uliofungwa ili meno yasionekane.

Klipu ilitembea. Watu waliandika chini yake kutoka Kampala na hata Canada. Sisi wa Butembo tulicheka na kumpongeza, maana mji mzima ulijua simba wale ni wa nani. Lakini klipu haikukaa Butembo.

Oicha alikuwako mzee Kambere, kaka wa marehemu mama yake Éliakim. Yeye ndiye aliyemlea. Kwetu Wanande, mtoto wa dada yako ni mwihwa wako, na mwihwa haombi kwa mjomba wake. Anaingia, anafunua sufuria, anakula, anaondoka na kuku chini ya kwapa, na mjomba anacheka tu. Éliakim alikula hivyo utoto wake wote. Kakao ya mzee Kambere ndiyo iliyomsomesha mpaka aliposhindwa kusoma.

Mwaka ule washambuliaji waliingia mtaa wa mzee Kambere. Alikimbia na mke wake Kavuo, wajukuu wao, na majirani waliokuwa wakilima mpaka mmoja nao. Walifika Beni miguu imevimba. Kanisa moja la huko lilikuwa likiwagawa wakimbizi katika nyumba za waumini, na shemasi alikuwa amempatia mzee Kambere familia yenye chumba na jiko. Hapo ndipo jirani yake mmoja, Ananie, alipotoa simu.

"Mzee, huyu si mutoto yako?"

Mzee Kambere alitazama. Aliona geti likifunguka. Alisikia *kwangu kuna nafasi* kwa sauti aliyoifahamu tangu ikiwa sauti ya kulilia maziwa. Alimwambia shemasi ampe mwingine chumba kile. Kisha akawageukia majirani wote, akawaambia wapande pamoja naye kwenye lori la mbao linaloenda Butembo, kwa mwihwa wake.

Simu ya Éliakim ililia asubuhi, yeye akiwa kibandani.

"Batu bako bamefika," alisema Zorobabel.

"Batu gani?"

"Ba klipu. Kuna muzee na godoro kwa kichwa. Anasema ni mjomba yako. Ananiita mutumishi, anasema nifungue."

"Na weye ulimwambia nini?"

"Nilimwambia mwenye nyumba hayuko. Si ni kweli?"

Éliakim alipanda pikipiki. Njiani alitunga maneno ya kusema, na yalikuwa maneno mazuri ya ukweli, yamepangwa kama ubeti. Aliposhuka na kuwaona wamekaa chini kwa mstari mbele ya simba wa dhahabu, wazee, mama wenye watoto mgongoni, mbuzi mmoja amefungwa kamba kwenye mguu wa bibi kizee mmoja, maneno yale yalimtoka kichwani yote.

Mzee Kambere alimkumbatia muda mrefu. Alinuka moshi na mvua. Halafu alimshika begani, akaonyesha wengine shati lake lililotoboka kwenye kiwiko.

"Muone. Tajiri wa kweli hapana kujionyesha."

"Lakini ndani ya klipu alikuwa munene," alisema Ananie.

"Ni kamera," alisema Éliakim.

"Basi fungua, mwihwa. Bamama bamechoka."

"Mjomba, ndani banapaka rangi. Harufu yake itaumiza batoto."

"Batoto bamelala chini ya miti ya kakao, mvua inabapiga. Rangi ni nini?"

"Na tena ufunguo... bibi amebeba ufunguo."

"Bibi gani?" Mzee Kambere aliuachia mkono wake. "Ulioa? Ulioa, na mimi mjomba sikula hata mguu wa mbuzi?"

Kwetu hilo si dogo. Mjomba asiyeitwa kwenye ndoa ya mwihwa wake ni kama amezikwa akiwa hai. Wazee waliokaa chini walitazamana. Éliakim alisema bibi ni wa juzi tu, kwamba sherehe bado. Kila neno lilizaa mwenzake, na yeye akawa kama mtu anayezima moto wa nyasi kwa kuupepea.

Wakati huo mama Kavuo, ambaye hakuzoea kukaa bure, alikuwa ameokota mawe matatu. Aliyapanga chini ya ukuta, akawasha kuni, akabandika sufuria ya ndizi. Moshi mweusi ulipanda juu ya chokaa nyeupe ya mama Emérence.

"Mama, hapana," alisema Zorobabel, akija mbio. "Moto hapana kwa ukuta. Toa, mama, tafazali."

Ananie alipiga ulimi. "Sentinelle anagombeza mama ya patron yake. Ndio Butembo hii?"

Mzee Kambere hakupandisha sauti. "Éliakim. Mutu huyu anakula chakula yako, na anatukana mama aliyekuosha. Umwondoe hapa."

Wote walimtazama Éliakim. Zorobabel naye alimtazama, akisubiri, na usoni mwake kulikuwa bado na dalili ya kicheko, maana aliamini kwamba sasa rafiki yake angesema. Lilikuwa jambo rahisi. Lingemaliza kila kitu kwa sentensi moja.

"Zoro," alisema Éliakim, akitazama chini, "simama kule ng'ambo kidogo."

Kicheko kile kilimtoka Zorobabel polepole. Alichukua rungu lake na redio yake ndogo, akavuka njia, akasimama kwenye mfereji, mlinzi aliyefukuzwa kwenye geti lake na mtu asiye na geti. Kutoka kule ng'ambo aliutazama ukuta ukipata doa, ukuta ambao ungemfukuzisha kazi kweli.

Hapo mbwa wa ndani akaanza kubweka. Alisogeza pua chini ya geti, upande wa viatu vya Éliakim, akabweka kama aliyeona mwizi. Éliakim alisema "nyamaza" na mbwa akazidi. Zorobabel, kwa mazoea tu, alipiga mluzi kutoka kwenye mfereji. Mbwa akanyamaza pale pale.

Mama Kavuo alimtazama mtu wa mferejini. Kisha akamtazama mtoto aliyemlea. Alisogea karibu naye, kama mwenye kutafuta kuni, na akasema kwa Kinande, chini chini, ili wengine wasisikie:

"Éliakim, unalala wapi?"

Hakumuuliza nyumba ni ya nani. Angemuuliza hivyo, labda angedanganya tena.

"Bulengera," alijibu. "Nyuma ya kibanda. Chumba kimoja."

Mama Kavuo alishika sufuria na pindo la kitenge, akaiondoa motoni, akamwaga maji juu ya kuni. "Moshi inaharibu ukuta," alisema kwa sauti ya wote. "Tuende."

"Tuende wapi?" aliuliza mzee Kambere. "Tumefika."

Alikuwa amempa njia ya kuponyoka, mama yule. Éliakim angeweza kusema tunaenda kwenye nyumba yangu nyingine, mpaka rangi ikauke. Ninamjua, alilifikiria. Lakini Zorobabel alikuwa bado amesimama kwenye maji ya mfereji.

"Nyumba hii si yangu," alisema. "Ni ya mama Emérence. Yule ni sentinelle yake, ni rafiki yangu, niliazima geti kwake ju ya klipu. Bibi sina. Mimi ninatia nyimbo ndani ya masimu."

Mbuzi aliendelea kutafuna maua ya mama Emérence nje ya ukuta.

"Na wimbo?" aliuliza mzee Kambere.

"Wimbo ni wangu, mjomba."

"Kwa hiyo hukuazima ile. Weye mwenyewe ulisema kuna nafasi."

Mzee aliwageukia majirani zake. Alivua kofia kwanza, kama anayeingia kanisani.

"Shemasi wa Beni alinipa chumba na jiko. Nilirudisha. Nilibavuta na nyinyi. Mutanisamehe."

Na Ananie, aliyekuwa na ulimi kwa kila kitu, alianza kufunga godoro lake bila neno. Nadhani hilo ndilo lililomkata Éliakim zaidi: kuona mjomba wake akiomba msamaha kwa watu juu ya uwongo usiokuwa wake, na watu wakimwonea huruma. Kama wangempiga mawe yeye mwenyewe, angeyapokea vizuri. Alichukua maji ya mfereji ndani ya kopo, akapiga magoti, akaanza kusugua ule moshi ukutani kwa shati lake. Doa lilipanuka tu.

Tuliwagawana kule Bulengera. Maliro alimchukua Ananie na watu wake. Mimi nilipata yule bibi kizee na mbuzi wake, mbuzi mwenye akili sana, aliyejifunza kufungua mlango wangu kwa pembe na kuufunga kwa adabu. Mzee Kambere, mama Kavuo na wajukuu walikaa katika chumba cha Éliakim. Yeye alilala kibandani, miguu ikitokea nje ya mlango. Sisi tuliocheka mbele ya klipu ile hatukucheka tena. Tulikuwa tumeiona nyumba, tukajua si yake, na hatukufikiri kwamba kuna watu wasiojua.

Mzee Kambere hakumsemesha. Walikula sahani moja, lakini maneno yalipitia kwa mama Kavuo.

"Umwambie mwenye nyumba chumvi imeisha."

"Éliakim, mjomba anasema chumvi imeisha."

"Mama, umwambie nitaleta."

"Umwambie mwenye nyumba wasingya." Yaani asante. Na asante ile ilikuwa chungu kuliko ndulele.

Éliakim alimwambia Jéthro aiondoe klipu. Jéthro aliiondoa. Haikusaidia. Watu walikwisha kuipakua YouTube na kuipitisha simu kwa simu, na kule Beni na Oicha kulikuwa na vibanda kama chake, na wenye vibanda waliipenyeza ndani ya kila carte mémoire bila kumuuliza mtu. Siku chache baadaye Zorobabel alipiga tena. Mama Emérence alikuwa amerudi, ameona doa, na amemwachia kazi lakini amemkata mshahara. Sauti yake haikuwa na utani.

"Wengine bamefika," alisema, akakata simu.

Ndipo Éliakim alipoanza kufunga kibanda asubuhi na kwenda kusimama kwenye barrière, pale malori ya kutoka Beni yanaposimama kukaguliwa kabla ya kuingia mjini. Aliogopa geti lile kuliko wanajeshi. Alipita lori kwa lori akiuliza kama kuna wanaokwenda kwenye nyumba ya bati la buluu. Wakiwako, aliwaambia kwamba hakuna nyumba. Halafu aliwataja wenye parcelle, wenye viwanja vya Bulengera, waliokubali kupokea watu, maana jana yake aliwaomba mlango kwa mlango, na wengi walimfungia.

Niliwahi kumsindikiza, ndiyo maana ninasimulia. Lori lilijaa mikungu ya ndizi na watu juu yake. Mama mmoja aliyekuja na binti zake, anaitwa Léa, alishuka na godoro, akamsikiliza hadi mwisho, kisha akatoa simu yenye kioo kilichopasuka. Aliitazama klipu, akamtazama yeye, akaitazama tena.

"Si weye," alisema. "Huyu iko na kitambi. Weye unataka kutuzuia, ili mupeleke batu benu kwanza."

"Mama, ni mimi."

"Kila mutu anaweza kusema ni mimi."

Watu wa lori waliunga mkono. Mmoja alimwita mwizi wa magodoro. Askari wa barrière aligeuka. Éliakim alinitazama, na mimi, ninayejua kusema mambo makubwa, sikupata neno, maana nani ataamini mzee kama mimi?

"Imba basi," alisema mama Léa. "Kama ni weye."

Hakuwa na gitaa. Aliimba akiwa amesimama katikati ya matope, mikono imeshikana mgongoni kama mwanafunzi anayeadhibiwa. *Mwenye kukimbia, kuya kwangu.* Alipofika kwenye *kwangu kuna nafasi* sauti ilipungua, karibu isisikike, lakini hakuruka neno. Aliimba yote. Alifungua mdomo wote, na meno yalionekana.

Hakuna aliyelia. Walimsikiliza wakimtazama viatu.

"Ni yeye," alisema mama Léa kwa wenzake waliokuwa bado juu ya ndizi. "Mushuke. Nyumba hapana."

Alifunga simu ndani ya kitenge. Halafu akamwambia Éliakim, bila hasira, kama mtu anayesahihisha bei:

"Ungeimba hivi tangu mwanzo, tungebaki Beni."

Éliakim alipokea godoro la mama Léa, akalitia kichwani, akatangulia njia ya Bulengera.